Neno Refu Si Mlima: Kugawa na Kutamka Majina ya Kiingereza ya Sehemu za Mwili

Tuseme unakaa Mirongo, hapa Mwanza, na shangazi yako anauza dagaa. Alikulia Ukerewe, ambako tangu utotoni alioga, akafua na kuchota maji ziwani. Kwa muda sasa tumbo limekuwa likimjaa upande wa juu kushoto, na wiki hii amekwenda hospitali. Jioni anakuita na kukupa karatasi: "Mwanangu, wewe uko kidato cha nne. Hebu nisomee hapa wameandika nini." Unatazama. Katikati ya mstari kuna neno moja lenye herufi 18: hepatosplenomegaly.

Una njia mbili. Unaweza kumrudishia karatasi na kusema, "Shangazi, haya ni maneno ya madaktari." Au unaweza kuligawa neno hilo kwa muda usiozidi dakika moja, ukamwambia kwa Kiswahili linasema nini, kisha ukamwambia pia aulize nini atakaporudi kliniki.

Neno la aina hiyohiyo litakusubiri kwenye mtihani wa Baiolojia. Hapo hakuna wa kumrudishia karatasi. Lengo la sura hii ni kukupa njia ya pili. Ukimaliza utaweza:

1. kugawa neno refu la Kiingereza katika vipande vyenye maana;
2. kulitamka bila kukwama;
3. kuliandika bila kuacha herufi;
4. kutambua maneno yanayofanana ambayo huwapotezea watahiniwa alama.

TATIZO LIKO WAPI?

Katika shule ya msingi ulijifunza ini, figo, bandama, mapafu na ubongo kwa Kiswahili. Ulipoingia kidato cha kwanza, viungo vilevile vikabadilishwa majina. Hukupoteza maarifa yako. Bado unajua ini liko wapi na linafanya kazi gani. Kilichokosekana ni daraja kati ya kitu unachokijua na jina linalotakiwa kuandikwa kwenye karatasi ya majibu.

Watahiniwa wengi hujenga daraja hilo kwa kukariri neno zima, herufi baada ya herufi, kama namba ya simu. Njia hiyo huchosha, na namba ya simu ukisahau tarakimu moja umepotea kabisa. Tena maneno ni mamia. Lakini vipande vinavyoyaunda maneno hayo ni vichache, na vinajirudia. Ukijua vipande 30 hivi, unaweza kufungua maneno mengi ambayo hujawahi hata kuyaona.

KAZI HII UNAIJUA TAYARI

Fungua daftari lako la Kiswahili kwenye mada ya mofimu. Uliwahi kugawa neno kama hili:

hawajatusomea = ha + wa + ja + tu + som + e + a

Neno moja, mofimu saba. Ha- ni ukanushi, -wa- ni nafsi, -ja- ni hali, -tu- ni mtendwa, -som- ni mzizi, -e- ni kauli ya kutendea na -a ni kiishio. Mzungumzaji wa Kiingereza akiliona neno hilo kwa mara ya kwanza, naye huogopa. Wewe huogopi kwa sababu unaona vipande.

Majina ya kitaalamu ya mwili yameundwa kwa mtindo huohuo. Vipande vyake vingi si vya Kiingereza cha kawaida, bali vimetoka katika Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo waganga na wanazuoni wa Ulaya walizitumia kwa karne nyingi. Andreas Vesalius alipochapisha kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili mwaka 1543, alikiandika kwa Kilatini. Mwaka 1895 wataalamu wa anatomia waliokutana Basel, Uswisi, walikubaliana orodha moja ya majina ya Kilatini, kwa sababu kiungo kimoja kilikuwa kikiitwa kwa majina mengi tofauti. Ndiyo maana leo daktari aliyesomea Mwanza na aliyesomea Ujerumani wakiandika jina la mfupa, wanaelewana.

Kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa London hulazimika kujifunza vipande hivi. Haviko katika lugha ya nyumbani kwao pia.

KANUNI YA KWANZA: ANZA MWISHONI

Kwa kawaida sehemu ya mwisho ya neno hukuambia jambo lenyewe ni nini. Sehemu za mbele hukuambia linahusu kiungo gani au liko wapi. Basi anza nyuma, kisha urudi mbele. Turudi kwenye karatasi ya shangazi:

hepato / spleno / megaly

Mwisho: -megaly, maana yake kukua kupita kiasi.
Mbele: hepat-, maana yake ini.
Katikati: splen-, maana yake bandama.

Jibu: kukua kupita kiasi kwa ini na bandama. Lile neno la herufi 18 ni vipande vitatu vya herufi sita sita. Hutamkwa he-pa-to-spli-no-ME-ga-li. Herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo, na tutaandika hivyo katika sura nzima.

Sasa angalia jinsi kugawa neno kunavyokurudisha kwenye somo. Mojawapo ya magonjwa yanayosababisha hali hiyo katika vijiji na visiwa vya Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, ambacho huletwa na minyoo iitwayo Schistosoma mansoni. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye vena zinazozunguka utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na kinyesi. Mengine husombwa na damu kupitia "hepatic portal vein", vena inayotoa damu utumboni na kuipeleka kwenye ini, yakanasa humo. Ini hupata makovu, damu hupita kwa shida, na shinikizo hurudi nyuma. Damu ya bandama nayo hupitia njia hiyohiyo, kwa hiyo bandama huvimba. Bandama iko upande wa juu kushoto wa tumbo, palepale shangazi anapolalamikia.

Umeona? Kipande hepat- kilichokusaidia kusoma karatasi ya hospitali ndicho kilichomo katika "hepatic portal vein" ya mada ya usafirishaji.

Zingatia: kujua maana ya neno si kupima ugonjwa. Bandama huvimba pia kwa malaria na magonjwa mengine. Kazi yako kwa shangazi ni kumweleza neno lina maana gani na kumhimiza arudi kliniki akaulize chanzo na matibabu. Kichocho kina dawa.

KANUNI YA PILI: TAMBUA IRABU YA KUUNGANISHA

Kati ya vipande viwili mara nyingi utakuta herufi o. Haina maana yoyote, ni gundi tu. Mzizi ni hepat-, na gundi ni -o-. Kiishio kikianza na irabu, gundi haihitajiki: gastr + itis = gastritis. Kiishio kikianza na konsonanti, gundi hurudi: cardi + o + megaly = cardiomegaly. Na mizizi miwili ikikutana, gundi hubaki hata kama wa pili unaanza na irabu: gastr + o + enter + itis = gastroenteritis. Ukijua hilo hutaandika "gastrenteritis" wala "gastroitis".

VIPANDE VYA KUANZA NAVYO

Nakili orodha hii kwenye daftari. Usiikariri yote siku moja.

Viungo na tishu:
cardi- moyo
hepat- ini
splen- bandama
ren- au nephr- figo
gastr- tumbo la chakula
enter- utumbo
pulmon- mapafu
cerebr- ubongo
neur- neva
oste- mfupa
chondr- gegedu
my- msuli
cost- ubavu
derm- ngozi
haem- damu

Mahali na kiasi:
epi- juu ya
endo- ndani
peri- kuzunguka
inter- kati ya
sub- au hypo- chini ya, pungufu
hyper- kupita kiasi

Rangi:
erythr- nyekundu
leuc- nyeupe

Mwisho wa neno:
-cyte seli
-itis uvimbe wenye joto na maumivu
-osis au -iasis hali, mara nyingi ya ugonjwa
-megaly kukua kupita kiasi
-ectomy kukatwa na kuondolewa
-logy elimu ya
-al, -ic, -ar -a, yaani huonyesha sifa au uhusiano

Jaribu sasa. "Intercostal muscles" ni misuli iliyo kati ya mbavu: inter + cost + al. Ukila mbavu za mbuzi, nyama unayoitafuna kati ya mfupa na mfupa ndiyo hiyo. "Pericardium" ni utando unaozunguka moyo. "Erythrocyte" ni seli nyekundu, na "leucocyte" ni seli nyeupe ya damu. Hata samaki wamo. Sangara na sato ni wa ngeli ya Osteichthyes, yaani samaki wa mifupa, wakati papa wa baharini ni wa Chondrichthyes, samaki wa gegedu. Kipande cha mwisho, ichthy-, ni samaki.

KI- YA KIINGEREZA: MTO NA KIJITO

Kiswahili hupunguza ukubwa wa kitu kwa ki-: mto, kijito, mlima, kilima. Majina ya mwili hufanya hivyo mwishoni mwa neno, kwa -ule, -ole, -cle au -ellum.

Fikiria mifereji midogo ya mitaani ikimwaga maji Mto Mirongo, na mto wenyewe ukiingia Ziwa Victoria. Damu inayorudi kwenye moyo hufuata mpango huohuo. Kapilari hukusanyika kuwa "venule", yaani vena ndogo, na "venule" hukusanyika kuwa "vein". Kwa upande wa damu inayotoka kwenye moyo, "artery" hugawanyika kuwa "arteriole", ateri ndogo. Katika mapafu, "bronchus" hugawanyika kuwa "bronchiole". Ukikumbuka kijito, hutachanganya mkubwa na mdogo.

"Cerebrum" ni ubongo mkubwa, na "cerebellum" ni ubongo mdogo ulio nyuma, chini. "Clavicle" ni mtulinga, na asili ya jina lake la Kilatini ni ufunguo mdogo. "Muscle" nalo limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya panya mdogo. Kunja mkono utazame msuli ukitembea chini ya ngozi, utaelewa kwa nini.

MATAMSHI: HERUFI ZINAZODANGANYA

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Lakini katika majina haya udanganyifu una utaratibu. Jifunze mambo haya manane:

1. ph hutamkwa f. "Pharynx" ni FA-rinks.
2. ch kwa kawaida hutamkwa k. "Trachea" ni tra-KI-a, na "bronchus" ni BRON-kas. Usiseme "tracha".
3. c mbele ya e, i au y hutamkwa s. Kwingineko hutamkwa k. "Cerebrum" ni SE-ri-bram. "Coccyx", mfupa wa kifandugu, ina zote mbili: KOK-siks.
4. g mbele ya e, i au y mara nyingi hutamkwa j. "Meninges" ni me-NIN-jiz, na "phalanges", mifupa ya vidole, ni fa-LAN-jiz.
5. oe na ae hutamkwa i. "Oesophagus" ni i-SO-fa-gas, "haemoglobin" ni hi-mo-GLO-bin, na "Amoeba" ni a-MI-ba. Masikio hayataikumbuka ile o, kwa hiyo mkono ndio uikumbuke.
6. p mbele ya n au s mwanzoni mwa neno haisikiki. "Pneumonia" ni nyu-MO-nia, na "pseudopodia", miguu ya uongo ya Amoeba, ni syu-do-PO-dia.
7. x mwanzoni hutamkwa z. Hili utalikuta zaidi kwenye mimea: "xylem" ni ZAI-lem.
8. e na es mwishoni: "-cyte" ni sait, silabi moja, lakini "-es" ya wingi wa Kigiriki na Kilatini husikika iz.

Kisha kuna jambo la kwetu Kanda ya Ziwa. Ukiwa umekulia katika lugha ambayo l na r hupokezana, utasikia na kuandika "celebrum" au "cerebelum". Si aibu, ila hugharimu alama. Tumia macho: "cerebrum" haina l hata moja. "Cerebellum" ina r moja kwanza, kisha l mbili. Kipande cerebr- hakibadiliki, na l zote zinatoka kwenye kile kiishio cha udogo.

Tena usiongeze irabu mwishoni. Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, ndiyo maana ulimi unataka kusema "thoraksi". Ukiandika kama ulivyotamka utaharibu neno.

MATAMSHI: MKAZO UNAKAA WAPI?

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara: ka-LA-mu, da-FTA-ri. Katika majina haya hamahama, lakini kiishio ndicho kinachouamuru.

Kiishio -ic: mkazo hukaa kwenye silabi inayokitangulia. GAS-trik, he-PA-tik. "Thorax" ni THO-raks, lakini "thoracic" ni tho-RA-sik. Angalia pia kwamba x imegeuka c.
Kiishio -itis: mkazo hukaa kwenye kiishio chenyewe. he-pa-TAI-tis, gas-TRAI-tis.
Kiishio -osis: mkazo uko kwenye o. mai-TO-sis, oz-MO-sis.
Kiishio -iasis: mkazo uko kwenye i. "Schistosomiasis" ni shi-sto-so-MAI-a-sis.
Kiishio -logy: mkazo hukaa kwenye o inayotangulia. bai-O-lo-ji.
Kiishio -ectomy: spli-NEK-to-mi.

Neno likiwa refu mno, lijenge kutoka nyuma. Chukua "sternocleidomastoid", msuli wa shingo. Sema toid. Kisha MAS-toid. Kisha do-MAS-toid. Kisha klai-do-MAS-toid. Mwishowe sta-no-klai-do-MAS-toid. Ukijenga hivi, kila mara unamalizia na sehemu uliyokwisha kuizoea, kwa hiyo ulimi hauchoki njiani.

Na maana yake? Sterno ni kidari, cleido ni mtulinga, na mastoid ni kile kifupa kinachojitokeza nyuma ya sikio. Jina linataja mahali msuli unaposhikilia. Geuza uso upande wa kushoto, kisha papasa upande wa kulia wa shingo. Ile kamba nene inayotoka kifuani kwenda nyuma ya sikio ndiyo yenyewe. Neno ulilolishika kwa mkono hulisahau kwa shida.

UMOJA NA WINGI

Kiswahili hubadilisha mwanzo: mtu, watu. Maneno haya hubadilisha mwisho.

-us huwa -i: alveolus, alveoli, villus, villi, bronchus, bronchi
-um huwa -a: ovum, ova, atrium, atria
-a huwa -ae: vertebra, vertebrae
-nx huwa -nges: phalanx, phalanges

Kosa la mara kwa mara ni kuandika "an alveoli". Ni sawa na kusema "watu mmoja".

MITEGO YA MTIHANI

Jozi zifuatazo huangusha hata wanaojua somo vizuri.

Ureter na urethra. "Ureter", yu-RI-ta, hutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, na ziko mbili. "Urethra", yu-RI-thra, hutoka kwenye kibofu kwenda nje, na ni moja. Fuata alfabeti: e huja kabla ya h, na mkojo hupita "ureter" kabla ya "urethra".

Ileum na ilium. Hutamkwa sawa kabisa. "Ileum" yenye e ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Ikumbuke kwa enter-, utumbo. "Ilium" yenye i ni mfupa wa nyonga.

Hyper- na hypo-. "Hyperglycaemia" ni sukari kuzidi katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari kupungua. Herufi mbili tu zinageuza jibu zima.

Mitosis na meiosis. mai-TO-sis na mai-O-sis. Mwalimu akizitamka haraka utasikia moja. Angalia herufi t.

Mtego mwingine ni kuliamini jina kupita kiasi. Jina hukuambia aliyelitunga alifikiri nini, na si lazima alikuwa sahihi. "Malaria" imetoka katika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa huo huletwa na hewa ya mabwawa. Mwaka 1897, akiwa India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Jina likabaki, maelezo yakabadilika. Ukiulizwa chanzo cha malaria ukajibu kwa kugawa neno, utakosa.

Vilevile, kugawa neno hukupa mahali au umbo, mara chache hukupa kazi. Ukiulizwa kazi ya "intercostal muscles", usijibu kwamba ziko kati ya mbavu. Hilo ni maana ya jina. Jibu linalotakiwa ni kwamba misuli hiyo ikikaza na kulegea huinua na kushusha mbavu wakati wa kupumua. Tumia vipande kufika kwenye kiungo, kisha tumia somo kueleza kazi yake.

RATIBA YA SIKU SABA

Siku ya 1 na ya 2: Viungo. Andika kila kipande kwenye kikaratasi, maana yake nyuma. Ukivitaja, gusa mahali kiungo kilipo mwilini mwako.
Siku ya 3: Mahali, kiasi na rangi.
Siku ya 4: Miisho ya maneno, pamoja na mkazo wake.
Siku ya 5: Fungua daftari la Baiolojia, chagua maneno 20 marefu, yagawe kwa kuchora mikwaju kwa penseli.
Siku ya 6: Kaa na mwenzako. Mmoja anataja maana kwa Kiswahili, mwingine analitamka neno la Kiingereza kwa sauti kisha analiandika. Mbadilishane.
Siku ya 7: Fanya zoezi lililo hapa chini bila kutazama orodha.

Usiruke kutamka kwa sauti. Neno ambalo hujawahi kulitamka hulikwepa kwenye mtihani hata kama unalijua, na hutaliuliza darasani kwa kuogopa kuchekwa.

ZOEZI

Gawa kila neno, toa maana yake kwa Kiswahili, kisha litamke.

1. endocardium
2. nephritis
3. osteocyte
4. cardiomegaly
5. splenectomy
6. hypodermic
7. gastroenteritis
8. pericarditis

MAJIBU

1. endo / cardi / um: utando wa ndani ya moyo. en-do-KA-di-am.
2. nephr / itis: uvimbe wa figo. ne-FRAI-tis.
3. oste / o / cyte: seli ya mfupa. OS-ti-o-sait.
4. cardi / o / megaly: moyo kukua kupita kiasi. ka-di-o-ME-ga-li.
5. splen / ectomy: kuondolewa bandama. spli-NEK-to-mi.
6. hypo / derm / ic: -a chini ya ngozi, kama sindano ya chini ya ngozi. hai-po-DA-mik.
7. gastr / o / enter / itis: uvimbe wa tumbo na utumbo. gas-tro-en-ta-RAI-tis.
8. peri / cardi / itis: uvimbe wa utando unaozunguka moyo. pe-ri-ka-DAI-tis. Angalia: i mbili zilipokutana, moja imeachwa.

Ukipata sita au zaidi, endelea na sura inayofuata. Ukipata chini ya hapo, rudi kwenye orodha ya vipande, si kwenye maneno mazima.

NENO LA MWISHO

Siku ya mtihani ukikutana na neno usilolijua, usiliruke haraka. Weka kalamu mwishoni mwa neno, tafuta kiishio, rudi mbele ukitafuta kiungo, kisha tazama kama kuna kipande cha mahali. Mara nyingi vipande viwili kati ya vitatu utakuwa unavijua, na swali lenyewe litakusaidia cha tatu.

Na ukirudi nyumbani, shangazi akikupa karatasi, kaa naye. Mwambie: "Shangazi, hapa wameandika ini na bandama vimekua kupita kiasi. Ukirudi kliniki, muulize daktari ni kwa sababu gani, na umwambie ulikulia ziwani." Swali hilo moja linaweza kumfikisha kwenye kipimo anachohitaji.

Mlima ule juu ya mji, wenye Hospitali ya Bugando tangu 1971, huandikwa maneno kama haya kila siku. Wanaoyaandika waliwahi kuwa kidato cha nne, nao walianza na kipande kimoja.